Asali ya Magome, Sifa za Masanduku

Mpendwa Bi Mwanne,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Ipole, Sikonge, naomba unishike mkono maana nimejiingiza kwenye jambo ambalo lilipoanza halikuwa na ubaya wowote, na sasa limekua mpaka linataka kupanda ndege.

Miaka mitatu iliyopita walikuja kwetu watu wa shirika moja dogo, wako sita tu na kila mmoja ana kwao, yuko muuguzi wa Ufilipino, yuko mwalimu wa Ghana, na mkubwa wao ni fundi seremala mstaafu wa Ayalandi anaitwa Declan, mzee wa miaka sabini na mbili, anajitolea tu, na alikitengenezea kikundi chetu cha akina mama mizinga ishirini ya masanduku ili turine asali bila kuchuna magome ya miti, akaipaka rangi ya buluu, akaipanga juu ya nguzo fupi uwanjani karibu na barabara, jua linawaka, na mimi niliyezaliwa kwenye nyuki nilijua siku ileile kwamba nyuki hawatakaa pale, lakini mzee wa watu alikuwa amevimba mikono kwa kupiga randa, ningemwambiaje?

Basi nyuki hawakuingia. Waliingia sisimizi, na sanduku moja kuku wangu anatagia mpaka leo. Wageni waliporudi mwaka uliofuata nikachukua asali ya mume wangu Shigela, ya mizinga yake ya magome anayoitundika msituni, nikajaza ndoo mbili nikasimama nazo kando ya masanduku, walipouliza kama ni asali yetu nikasema ndiyo, ni yetu, na Mzee Declan akatokwa na machozi, wakanipiga picha, na mwaka jana tukarudia hivyo hivyo. Wenzangu wote wanajua, wamenyamaza kwa adabu.

Kuna masanduku mawili niliyapaka nta kwa ndani nikamwomba Shigela ayatundike juu ya miti, kwenye kivuli, na hayo nyuki wameyajaza. Sijamwonyesha mgeni yeyote, maana nikiyaonyesha itajulikana kwamba yale kumi na nane mzee aliyaweka vibaya.

Sasa amenipigia simu Majidi, mwalimu wa Cheyo kule mjini anayewatafsiria, ananiambia, "Dada Paskazia, shughulikia paspoti. Wamekuchagua uende nao Zambia miezi miwili, ukawafundishe akina mama wa huko masanduku ya Mzee Declan. Anasema wewe ndiye ushahidi wake." Masanduku sitini ya kupelekwa huko, Bi Mwanne, na wageni wanafika hapa Jumamosi ya wiki ijayo. Nina furaha mpaka chakula hakipiti, maana nani wa kwetu aliwahi kuitwa ng'ambo kusaidia, sisi siku zote ni wa kusaidiwa, na Shigela anasema, "Nenda, funga mdomo, ukishafika huko utajua la kusema." Lakini nikinyamaza nawapelekea wenzangu wa Zambia masanduku matupu, na nikisema namvunja mzee moyo na safari inakufa. Nifanyeje?

Paskazia, Ipole

*

Paskazia mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka nikavua miwani, kisha nikakasirika.

Nakuelewa. Huku kwetu tumelelewa kwamba mgeni akileta kitu hukikosoi. Mimi mwenyewe nilimsifia wifi yangu ugali wake wa muhogo siku moja, nikaula miaka kumi na mmoja. Lakini waliotufundisha adabu hiyo ndio waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako amekuja miaka mitatu na bado unamlisha sifa. Usiite hiyo heshima. Umemfanya mtoto, mtu aliyefanya kazi ya mbao maisha yake yote na ambaye bila shaka amewahi kuambiwa mlango wake haufungi.

Shigela naye mwambie ninamsalimu, na ushauri wake akautundike huko msituni.

Wafikirie hao akina mama. Ninyi masanduku yalipokataa mlikuwa na mizinga ya waume zenu. Mwanamke wa Zambia huenda hana. Ataacha karanga zake msimu mzima akilinda sanduku tupu, na kwa kuwa ameona picha yako na ndoo ya asali, hatasema sanduku ni baya. Atasema yeye ndiye mwenye mkosi. Hilo ndilo lililonikasirisha.

La pili linaloniudhi ni kwamba cha kufundisha unacho. Umegundua mwenyewe nta, kivuli na mti, halafu umekificha kama kitu cha wizi. Ulidhani wanaopanda ndege kwenda kusaidia ni lazima waende na jina la mtu mwingine?

Sikiliza. Usimtume Majidi akusemee, yeye atafsiri tu. Wageni wakifika, wape maji, wape chakula, kisha usiwapeleke barabarani. Wapeleke msituni polepole, mzee ana miaka yake. Shigela apulize moshi afungue moja ya yale mawili, Mzee Declan aone kwanza nyuki ndani ya mbao alizozipiga randa kwa mkono wake. Hapo hapo mwambie habari ya kumi na nane na habari ya zile ndoo. Omba radhi mara moja, usipige magoti. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake, na safari ikifa, kikundi chako bado kina masanduku kumi na nane ya kutundika kabla miti haijachanua.

Lakini mimi nadhani utasafiri. Na ukisimama mbele ya hao akina mama, neno lako la kwanza liwe kwamba kwenu kumi na nane yalikataa, ulijua, na ulinyamaza. Watakusogezea kigoda wakuulize la pili.

Bi Mwanne