Mlango wa Kushoto

Alhamisi, 3 Julai 2025

Lori limefika! Gikonyo wa Timau, aliyeniuzia, amelileta mwenyewe hadi langoni, akala ugali wetu, akashukuru, akapanda boda akaenda zake haraka. Haraka ya nini? Miaka thelathini na moja kwenye polisi imenifunza kumwangalia mtu anavyoondoka. Kitabu cha gari kiko sawa, nimekisoma mara tatu. Wenye gari waliotangulia: watatu. Majina hayaandikwi, idadi tu. Sijapenda.

Injini ni nzima. Bodi – aibu tupu. Rangi ya bluu imebambuka, kutu imekula milango kwa chini, pembe ya kushoto ya kebini imevimba. Mnunuzi wa viazi kule Endarasha amesema kazi ya kubeba ni yangu kuanzia Agosti, mradi lori lipite ukaguzi Nyeri, Jumatatu tarehe 21. Likikataliwa anachukua mwingine. Fundi wa bodi wa Nanyuki alinitajia bei, nikadhani ananisomea namba ya simu.

Basi nitafanya mwenyewe. Mke wangu Kanini anasema pensheni yetu yote sasa imesimama uani kwa magurudumu sita, na kwamba mimi hata kiti cha jikoni nilikipaka rangi kikatunasa matako wiki nzima.

Jumamosi, 5 Julai

Kinyua, jirani yangu, amekuja na kompresa ya kupulizia rangi kwenye mkokoteni. Bure! Nimemuuliza mara mbili. – Bure, Afande, si ni jirani?

Sasa hapa nina maswali. Mwezi uliopita nilipomwambia kuna lori linauzwa Timau, nikamtajia na namba zake, alinikataza kabisa. Ati chesisi imepinda, ati hiyo gari iko na mkosi. Nimelala chini ya lori na tochi. Chesisi imenyooka kama rula. Alijuaje habari za chesisi? Yeye Timau alikuwa kibarua wa shamba la ngano, na huapa kila siku kwamba hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki. Labda alilitaka yeye. Labda anataka tairi ya akiba. Usiku huu nitailaza ndani ya nyumba.

Leo tumekwangua kutu kwa brashi ya waya. Matundu ya sakafu nimeyaziba kwa mabati ya pipa la zamani. Kinyua amegawa kazi kama yeye ndiye mwenye gari: mimi nianze upande wa dereva, na ule wa kushoto nimwachie yeye, ndio mbaya zaidi.

Jumatatu, 7 Julai

Msasa, msasa, msasa. Nimekata ndara ya zamani ya Kanini, nikaizungushia msasa – inafuata mkunjo wa bodi vizuri kuliko ule ubao wanaouza dukani. Kanini ameitafuta ndara asubuhi nzima. 

Magdaline ameleta maziwa. Huyu mama anatembea kwa magongo, mtungi mgongoni ndani ya kiondo, na hajawahi kuchelewa. Alisimama langoni akaliangalia lori, akauliza kama nimeacha mambo ya kupumzika. Kinyua alikuwa amechutama upande wa kushoto, hakuinuka kumsalimu. Ajabu, kwa sababu huyo huyo Kinyua humpelekea Magdaline kuni kila Jumamosi! Miaka yote tangu alipohamia hapa. Mjane na mwanamume mwenye mke wake, na kuni kila Jumamosi. Nimemwambia Kanini kuna jambo hapo. Kanini amesema jambo liko kwa kichwa yangu.

Jumatano, 9 Julai

Balaa! Nilipiga rangi upande wa dereva saa kumi jioni, nikaona kitu kizuri, bluu inang'aa. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi – mlango mzima umepauka, mweupe mweupe, kama mtu ameupangusa na maziwa.

Thina! Thina, ile ya kuzimulia rangi, imetiwa maji. Na ni nani aliyekwenda kuninunulia thina? Kinyua. Nimevuka ua hadi kwake na kopo mkononi. Nikamwuliza mbele ya mke wake amechanganya na nini. Alisimama na kikombe chake, hakukasirika hata kidogo. Akasema tu: – Afande, hiyo sijafanya.

Hiyo! Mtu asiye na kosa husema “sijafanya kitu”. Nimemwambia achukue kompresa yake. Hakuja kuichukua.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda na kopo hadi kwa Wangechi, yule anayechanganya rangi hapa Naro Moru karibu na stendi. Nilijipanga kumhoji. Yeye ndiye aliyenihoji mimi.

– Ulipiga saa ngapi?

– Saa kumi.

– Saa kumi! Mwezi wa saba! Na ukungu ikishuka kwa mlima?

Akacheka hadi akashika meza. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Mwala. Akasema basi ndiyo maana, watu wa Ukambani hupiga rangi wakati wowote, huko jua ndiyo fundi. Huku kuanzia saa nane hewa ina maji, na rangi inayanywa inageuka nyeupe. Anza saa nne asubuhi, saa saba uwe umeosha bunduki ya rangi. Thina yako haina makosa, mzee.

Nimerudi polepole. Miaka kumi naishi chini ya mlima huu, kila jioni navaa koti na kulaani ukungu, na sikufikiria kwamba lori nalo liko nje pamoja nami. Nimeona haya.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya kanisa nimemfuata Kinyua nikamwomba msamaha, pale pale penye watu. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Tumekubaliana kazi iendelee. Bado anang'ang'ania ule upande wa kushoto, ati nisiuguse.

Nimemwahidi Kanini kwamba kushuku watu nimeacha. Amesema atangoja aone.

Jumanne, 15 Julai

Nimepiga upande wa dereva upya, saa nne unusu. Bluu imekaa! Nimejiona kwenye mlango, na mvi zangu zote. Kanini amezunguka lori mara mbili akasema si mbaya, na kwa Kanini hiyo ni medali.

Kinyua ameshikwa na kifua, amelala. Alimtuma mke wake kuniambia ningoje, Ijumaa atakuja kumaliza kushoto. Maskini. Anahema kule kitandani na bado anawaza kazi yangu. Mimi niliyemwita mwizi.

Basi nimeamua: nitafanya kushoto mwenyewe kesho kutwa, akija akute kazi imekwisha, apumzike. Hiyo ndiyo itakuwa shukrani yangu.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze kama taarifa ya kituoni.

Saa tatu asubuhi nilianza kukwangua pembe ya kushoto ya kebini. Kinyua hakuwa ameikwangua kamwe. Siku zote zile alikuwa akipaka fila mpya, ile lipu ya kuzibia mabonyeo, juu ya ile ya zamani! Nikafuata kwa bisibisi. Fila ilikuwa nene kama kidole changu, ikatoka kipande kizima. Chini yake bodi imebonyea ndani, shimo la duara, usawa wa kiuno cha mtu. Chini ya bluu kuna praima, rangi ya msingi. Chini ya praima kuna kijani.

Nikahamia mlangoni. Msasa wa maji, ndoo, ile ndara. Bluu ikaondoka, kijani kikaja, na ndani ya kijani herufi za njano, zile zinazoandikwa kwenye mlango wa kila lori, jina la mwenyewe na sanduku la posta na uzito. Ikatoka T.W., ule uzito. Ikatoka TIMAU. Kisha, juu yake, nikisugua kwa kidole na maji: J. M. KINYUA.

Joseph Mwirigi Kinyua. Asiyewahi kumiliki hata baiskeli.

Faili ya ajali ya Magdaline niliiandika mimi. Septemba 2017, nilikuwa kituo cha hapa hapa. Magdaline kitandani hospitalini, mguu umeshakatwa, na mimi na kalamu. Maneno yake nayakumbuka bila kuyatafuta: Lori ya kijani. Maandishi ya njano kwa mlango, sikusoma. Ilinigonga na kona ya kushoto. Ilisimama. Nikiwa chini niliona, kupitia chini ya lori, mguu mmoja ukishuka upande wa dereva, gambuti nyeusi ya mpira. Ukakaa. Halafu ukarudi juu, ikaenda.

Nilitafuta lori la kijani hadi Nanyuki. Nilizembea? Timau sikufika. Faili ilifungwa.

Kinyua alihamia hapa mwaka uliofuata. Kuni zikaanza.

Nimefunika mlango kwa turubai na kulifunga kwa kamba.

Ijumaa, 18 Julai

Sikulala. Nimejiambia: Mbuvi, wiki iliyopita ulikuwa na uhakika na thina. Malori ya kijani ni mengi. Akina Kinyua wa Timau ni wengi, hata wenye J na M. Labda aliliuza kabla. Labda dereva alikuwa mtu mwingine. Basi kwa nini alisema hajawahi kumiliki?

Kanini nimemwonyesha. Alishika mdomo. Baadaye akasema nipake rangi, lori lipite Jumatatu, tule. Baada ya dakika tano akasema hapana, nisipake. Halafu akasema ni mimi niliyekuwa polisi, si yeye, akaingia jikoni na kugongagonga sufuria.

Kinyua hakuja. Bado kifua. Nimefurahi kwamba hakuja, na nimejichukia kwa kufurahi.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nne kasoro. Jua zuri, siku ya kupiga rangi. Praima iko ndani ya bunduki, kompresa imejaa. Kompresa yake. Nikipiga sasa, saa sita herufi hazipo tena, Jumatatu niko Nyeri, Agosti nabeba viazi, na Magdaline ataendelea kutuletea maziwa. Nikiacha, lori hili ni kielelezo cha kesi, litasimama kituoni hadi nyasi ziote ndani yake. Nimekaa dirishani na daftari badala ya kutoka. Mwoga.

Saa nne na robo. Kinyua amekuja! Anatembea kwa shida, amejifunga skafu ya mke wake, na begani ana mzigo wa kuni. Jumamosi. Ameona turubai. Ameutua mzigo. Ananiita – Afande! – sijajibu. Anakohoa.

Amefungua kamba.

Amesimama pale. Anasoma jina lake. Amepitisha mkono juu ya herufi, halafu kwenye lile bonyeo la pembeni, mkono umebaki pale. Bunduki ya rangi iko hatua mbili kutoka kwake, imejaa, anajua kuitumia kuliko mimi. Ameitazama. Simwiti. Nataka nione mwenyewe. Miaka thelathini na moja na bado nangoja mtu ajishtaki ndipo nijue la kufanya!

Hakuichukua. Ameketi chini, mgongo kwenye tairi, miguu ameinyoosha mbele. Amevaa gambuti. Turubai ameliacha wazi.

Kanini ameingia, anasema Magdaline anakuja, amemwona kwenye kona na mtungi. Nimfukuze Kinyua? Nikafunike? Kinyua anaangalia dirisha langu moja kwa moja, najua ananiona. Hatoki pale.

Magongo nayasikia barabarani. Sasa lango. Magdaline ameita, maziwa, Mama Mutanu – ndivyo anavyomwita Kanini – na Kanini hajaenda kufungua, ananiangalia mimi.