Vitabu vya Tuzo na Miaka Niliyoibandua

Jumamosi, Aprili. Mvua tangu alfajiri, bati linapigwa mpaka redio ya baba haisikiki.

Nina hasira leo. Si kawaida yangu. Mimi huwa nakasirika kesho yake, nikiwa peke yangu, wakati kila mtu ameshasahau. Leo hasira imekuja kwa wakati wake.

Ninyi mnaonisoma, niliwaambia kwamba katoni ya vitabu imefika kwenye chumba cha kusomea karibu na soko, kile anachokisimamia Mwalimu Salome tangu astaafu. Ni vitabu vya watoto vilivyoingia kwenye orodha ya tuzo. Vingine vimeshinda, vingine vilifika hatua ya mwisho tu. Mwalimu alinipa kazi ya kuvipendekeza: nivisome vyote, kisha niandike kwenye karatasi ya manila kipi kinamfaa mtoto wa umri gani, ili mzazi akiingia asihangaike. Mimi ambaye hata dukani kwetu najificha nyuma ya magunia mteja akiwa mwanafunzi mwenzangu, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naiombea. Kusema bila kufungua mdomo.

Nikavisoma. Pale chumbani hatuviiti kwa majina, tunaviita kwa habari zake, kwa hiyo nanyi mtavijua hivyo hivyo. Miaka mitatu hadi mitano niliweka cha kuku: picha kubwa, maneno machache, kuku anataga kila mahali isipokuwa kwenye kiota, na mtoto anayesomewa huliona yai kabla ya msomaji. Miaka sita hadi minane, cha mbwa aliyechukuliwa na mafuriko. Tisa hadi kumi na moja, cha mapacha wanaogombania kitanda mpaka wanakigawa kwa chaki. Hicho nilicheka peke yangu hadi mama akaja kuchungulia. Kumi na mbili na kuendelea, cha msichana ambaye baba yake anakata miwa na kila mara wanahamishwa nyumba. Kina ukurasa mmoja ambao nilipoufikia nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo.

Umri sikuubuni. Umeandikwa nyuma ya vitabu. Nilinakili tu kwa kalamu nene ya makapeni nyekundu, nikabandika kwenye kila rafu.

Leo asubuhi chumba kilijaa. Mpunga umeanza kujaza, ndege wameanza kushuka, na familia nyingi zinahamia mashambani upande wa Mofu na Michenga kwenda kuamia. Watoto wanakwenda nao. Watakaa juu ya dungu la miti tangu kukicha mpaka giza, wakipiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo, na shule itawasubiri. Mwaka huu Mwalimu Salome amekubali, kwa mara ya kwanza, vitabu viende shambani. Kila mtoto kimoja, sharti kikae kwenye ndoo yenye mfuniko.

Zawadi alikuja na ndoo yake. Ni jirani yetu, nyumba ya nyuma. Ana miaka kumi na mitatu na yuko darasa la nne, maana kila msimu wa kuamia humkatiza, na akirudi anaanzia alipoachia au nyuma kidogo. Anasoma polepole, kwa kidole. Alichukua kitabu cha mbwa akaanza kukisoma hapo hapo, amesimama, ndoo ikining'inia kwenye kiwiko, midomo inatembea. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili.

Wavulana wawili wa darasani kwake walikuwa wamejikinga mvua mlangoni. Mmoja akaisoma karatasi yangu kwa sauti, kama mtu wa mnada. Miaka sita hadi minane! Halafu akasema, "Oya bibi, hicho ni cha wajukuu zako." Mwenzake akauliza kama na uji atapewa.

Watu walicheka. Hata mama mmoja mtu mzima alicheka.

Zawadi alikirudisha kitabu taratibu, akakipanga vizuri mahali pake. Akasema yeye alikuwa anangoja mvua ikatike tu. Akatoka, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mimi nilibaki nyuma ya rafu.

Niliitazama karatasi yangu. Mimi ni mtoto wa duka. Baba anauza mchele, halimi mpunga. Sijawahi kukosa shule hata siku moja kwa ajili ya ndege. Kwangu umri na darasa vimetembea pamoja siku zote, kama jozi ya viatu, nikadhani ndivyo kwa kila mtu. Katika mji huu, ambao madawati hubaki wazi kila mpunga unapojaza, nimewapanga watoto kwa miaka yao nikaibandika kwenye rafu.

Nikaibandua. Yote, rafu kwa rafu.

Mwalimu Salome hakufurahi. Alisema wanaotoa tuzo ni watu waliosomea kazi hiyo, na umri umewekwa kwa sababu. Hataki mtoto wa miaka sita aondoke na kile cha miwa, akaukute ule ukurasa. Ana haki, hilo nalikubali. Nikamwambia, sauti ikitetemeka, kwamba jambo kama hilo tunaweza kumnong'oneza mzazi sisi wenyewe, lakini karatasi haijui kunong'ona. Nadhani hajawahi kunisikia nikimaliza sentensi ndefu namna ile.

"Haya, Rukia," akasema. "Basi huyo binti utamrudisha wewe, si mimi."

Baada ya sala ya alasiri nikaenda kwao, kitabu nimekifunga ndani ya kanga. Kesho wanaondoka na guta la mizigo. Mikeka ilishafungwa, kuku wamo kwenye tenga. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia, akanionyesha uani, ambako Zawadi alikuwa anasugua masufuria. Njiani nilikuwa nimejiandalia maneno. Nikamwambia nimemletea mdogo wake kitabu, awe anamsomea huko shambani.

Hakuinua kichwa. "Mdogo wangu anabaki kwa bibi. Na unajua."

Kweli nilijua. Maneno yangu ya njiani yakaishia hapo. Nikachuchumaa kando yake nikasema yaliyobaki, ambayo ni ya kweli: kwamba karatasi niliiandika mimi na leo nimeitoa, kwamba nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na kitabu hicho cha mbwa kimeniliza zaidi ya mara moja.

Sufuria ikanyamaza.

"Ulilia kweli?"

"Kweli."

"Kwani mbwa anakufa?"

"Sisemi."

"Rukia, sema bwana."

"Sisemi. Kasome."

Alifuta mikono kwa kitenge, mbele na nyuma, vidole kimoja kimoja, ndipo akakipokea. Mama yake akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba kama ni kitabu cha kulia, wasije wakalia yeye na Zawadi huku ndege wanamaliza mpunga. Zawadi akasema atamsomea mama kwa sauti kubwa, ndege nao wakimbie. Alicheka aliposema hivyo. Nilipoondoka alikuwa ameshaketi kwenye kizingiti, kidole kiko kwenye mstari wa kwanza, na masufuria yanamsubiri.

Sasa nimerudi, nimekaa na manila mpya mbele yangu, na naona sitaandika kitu. Cha kuku ni kwa yeyote anayelea mtoto mgongoni. Cha mapacha ni kwa wawili wanaolala dungu moja. Cha miwa ni kwa anayeweza kuvumilia, awe wa darasa lolote. Hayo hayataki karatasi. Yanataka mtu wa kuyasema.

Jumatatu nikitoka shule nitasimama pale mlangoni, si nyuma ya rafu. Kila atakayeingia nitamuuliza anakwenda shamba gani, atakuwa na nani, na anapenda kusikia habari za nini. Miaka yake ataniambia akitaka mwenyewe.

Sauti itatetemeka. Na itetemeke.