Baba, Bado Unatabasamu kwenye Bajaji

Baba,

Nimekuona tena leo Mpanda mjini. Upo nyuma ya bajaji ya yule anayejiita Injinia, umeinua kikombe kwa mkono wa kulia, unatabasamu. Chini yako ameandika: "Mzee huyu alipooza. Sasa amepona." Tumekuzika kijijini Mamba, mvua zimenyesha mpaka zimekatika, na wewe bado unazungushwa sokoni kutangaza afya.

Sikulaumu sana kwa kumwamini. Kisanduku chake cha kwanza, kile cha kuongoza mota ya mashine yetu ya kusaga, kilifanya kazi. Nakubali shingo upande. Mota ilianza kuzunguka taratibu badala ya kushtuka kama mbuzi aliyeona fisi, na mkanda haukukatika tena. Ukawa unamsimulia kila aliyeleta debe la mahindi. Basi ulipopata kiharusi, mkono ukalala, akaja na kisanduku cha pili, cha kushtua misuli kwa umeme, wewe hukuuliza swali. Ulisema, "Aliyeiweza mota hatashindwa na mkono." Nilikwambia mkono si mota, ukageukia ukutani.

Mimi niliuliza. Kila nilipotaka kujua kama kinaponya, alinijibu neno moja: hataza. Kina hataza, dada. Vyote viwili vina hataza. Alilitamka kama anataja jina la mtakatifu, na Mama nusura apige ishara ya msalaba. Nikaenda kwa wanaojua. Kumbe hataza inasema kifaa ni kipya na fulani ndiye aliyekibuni, basi. Hata mafua haiponyi.

Sikatai, vidole vilicheza. Alibandika vibandiko viwili mkononi, akabonyeza kitufe, na vidole vilivyokuwa vimelala vikajikunja, vikashika kikombe. Ulilia, nami nikalia. Hapo hapo akakupiga picha, nyaya kazificha ndani ya shati lako, kitufe kakibonyeza yeye. Hospitali walikuwa wametuambia vifaa vya namna hiyo husaidia ukifanya na mazoezi, na dawa usiache. Yeye akakwambia chake kinatosha. Ukaacha mazoezi. Ukaacha vidonge vya presha, Baba. Kiharusi cha pili hakikukupa hata nafasi ya kuniita.

Na msibani alikuja. Kavaa suti, kala wali wetu sahani mbili, halafu akaninong'oneza pole, ila picha ibaki maana inawapa wagonjwa matumaini. Sijawahi kumdharau mtu kiasi hicho. Hata nzi huja msibani akala akaondoka, haombi ruhusa ya biashara.

Leo nilimfuata, nikamwambia akubandue. Akasema ulikubali mwenyewe. Nikamwambia basi aongeze neno moja hapo chini: marehemu. Akacheka. "Dada, utaniharibia biashara."

Pembeni alisimama mwanamke kutoka Magamba, mumewe amepooza upande mmoja. Alikuwa ameshafungua fundo la kitenge kutoa hela. Akaniuliza, "Kwani huyu mzee si amepona?"

"Ni baba yangu," nilimwambia. "Tumemzika."

Akalifunga fundo lake. Akaniuliza basi mumewe ampeleke wapi, nikamwelekeza kule hospitali kwa wale wa mazoezi, ambako wewe uliacha kwenda. Injinia alinitazama kwa hasira, nami nikamtazama kama mtu anavyotazama matope kwenye kiatu.

Nimekukasirikia pia, usifikiri sijakukasirikia. Lakini nimekukumbuka zaidi.

Nakuahidi hivi: kila atakapoegesha bajaji hiyo, nitasimama kando ya picha yako na kuwaambia watu umekufa, mpaka achoke yeye. Nisamehe kwa kutangaza kifo chako sokoni. Yeye anatangaza kwamba umepona, na mimi ndiye niliyekuosha.

Lala, Baba.

Mwanao,
Skola