Nimesahau Lugha ya Kumwoza Binti Yangu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla posa ya binti yangu haijafika, maana ni Jumamosi ijayo na usingizi siupati. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, kabila letu ni dogo, tena la watu ambao mjini hapa wakitajwa lazima mtu acheke, na pale karakana mteja akianza utani wa "nyie watu wa porini" mimi ndiye wa kwanza kucheka ili kazi iende. Mke wangu si wa kwetu, watoto tumewalea kwa lugha ya mjini tu, na binti alipokuwa mdogo akiuliza kwetu wanasemaje hili na lile nilimwambia lugha hiyo haina faida, soma. Amesoma, sasa anauza kwenye duka la dawa, na huko ukubwani akajifunza lugha yetu kwa shangazi yake, anaimwaga hata kwenye simu mbele za watu, na mchumba kampata hukohuko kwetu, na ameshaniambia, "Baba, siku hiyo lugha ya mjini itabaki nje na viatu, na msemaji ni wewe." Mshauri, sijui kusema. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba na lugha yangu ikaishia hapo, nikifungua mdomo yanatoka maneno ya watoto wanaocheza, na mwaka jana msibani nilimsalimu bibi mmoja kama mtoto anavyomsalimu mtoto mwenzake, watu wazima wakainamisha vichwa wasicheke. Binti hakuwepo. Yeye anaamini najua ila nawaonea aibu watu wetu, na juzi kanijibu kwa hasira, "Kama unatukataa, sema tu." Nimewaza siku hiyo nijifanye koo linauma. Nitakuwa nimekosea?

Fundi Mageti

Fundi, pole, na aibu ya msibani naielewa. Lakini koo? Binti anauza dawa! Atakuletea ya koo wageni hawajakaa vizuri, nawe utaimeza huku mnatazamana na wakwe. Acha mambo hayo.

Kupelekwa bweni hukuchagua, kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa sababu mtoto alikuuliza maneno ukamjibu hayana faida, wakati ukweli ni kwamba hukuyajua. Jibu hilo anatembea nalo mpaka leo. Anagombana na baba anayeidharau asili yake, kumbe nyumbani kuna fundi mwenye haya tu. Na kicheko cha karakana nacho kipunguze, mteja amefuata geti.

Leo ukishafunga kazi, mkalishe binti umwambie wazi: sikuwakataa, nimesahau. Atakasirika au atalia, vumilia. Kisha mpigie dada yako simu, aje akusaidie kusema siku hiyo. Wewe fungua kikao kwa hayohayo maneno yako ya kitoto, karibuni, kaeni, halafu waeleze wazee kwamba ulipelekwa bweni ukiwa na miaka saba. Watakuelewa, nao wana ndugu waliopelekwa.

Ila sentensi ya kumkabidhi mtoto usimwachie dada yako. Hiyo mwombe binti mwenyewe akufundishe, na uiseme wewe.