Chumvi kwenye Kopo la Sukari

Alhamisi jioni, Guta. Mawingu mazito tangu mchana, mvua yenyewe imegoma.

Kwa masikitiko makubwa, ofisi ya walimu ya shule yetu kule Nyakato inatangaza kuharibika kwa chai yote ya saa nne. Chai iliugua ghafla baada ya mwalimu wa fizikia, yaani mimi, kuacha mezani kopo la sukari lenye chumvi ya mawe. Marehemu ameacha sahani ya mihogo na walimu wenye kiu.

Chumvi ilikuwa ya kipindi. Kidato cha sita tunasoma fuwele za ioni, yaani chembe zenye chaji zilizojipanga kwa zamu. Niliwapanga wanafunzi uwanjani mstari mmoja, mabega yakigusana: mvulana sodiamu, msichana kloridi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mimi, na kitambi changu, nilikuwa uga wa umeme. Nikinyoosha mkono kulia, wavulana wanavutwa kulia, wasichana wanasukumwa kushoto. Nikigeuza, wanageuka.

Nilipunga taratibu, wakafuata kivivu. Nikaupata mwendo ambao mstari wenyewe unapenda kuyumba, wakayumba mpaka wa mwisho akadondoka. Hapo, nikawaambia, ndipo chumvi inapoimeza ile nuru ya joto tusiyoiona. Halafu nikapunga kama kichaa. Wakashindwa kufuata, wakasimama kunicheka. Nuru ya macho yetu iko hivyo, ina haraka mno. Ioni ni nzito, haziiwahi, nayo inapita kwenye chumvi safi kama dirishani.

Bhoke, binti asiyenionea huruma, akauliza, "Mwalimu, sasa jumla yetu tumeenda wapi?"

"Hamjaenda popote. Chaji zenu zikijumlishwa ni sifuri. Mmetetemeka palepale."

Walicheka. Nikacheka nao.

Sasa niandike ilivyokuwa.

Alfajiri dada yangu Nyabise alipiga simu kutoka hospitalini Bunda. Kaka yetu Magesa alikuwa amezidiwa, nije sasa hivi. Mkuu wa shule alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba. Magari ya Bunda yalikuwepo. Nikasema ngoja nimalize kipindi.

Sikuwa nimejisahau. Niliogopa kumwona amelala vile, Magesa aliyekuwaga ananibeba mabegani tukivuka mto kwenda shule.

Kwa hiyo nilisimama uwanjani, kulia, kushoto, simu ikitetemeka mfukoni. Nilijua ni nani. Sikuipokea. Kopo nililiacha kwenye meza ya chai, nikaenda kutafuta gari.

Nimefika hapa nyumbani turubai la msiba limeshafungwa.

Nyabise hakunigombeza. Amenipa chai, akakaa kando yangu kwenye mkeka. Akasema, "Kila mlango ukifunguka alikuwa anauliza kama ni wewe, kaka. Nikawa namwambia uko njiani."

Sikuwa njiani.