Aliyenisimamia Mahakamani Amesahau Kesi Yangu

Mpendwa Abla Safinaz, naomba msaada wako, maana nimefika mahali ambapo nikikaa nalia na nikisimama nalia. Mimi ni wakili wa kesi za biashara hapa Aleksandria, nafanya kazi peke yangu, sina mshirika wala karani, na kesi mbili zikiangukia asubuhi moja nafanya kama tunavyofanya sote, namwomba wakili mwenzangu niliyemkuta koridoni anisimamie, aniombee tarehe nyingine, basi, na kesho namfanyia vivyo hivyo. Mwezi uliopita niliitwa kwenye mahakama ya Damanhuri, nikamwomba Ustadhi Fikri, mzee aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kuvaa joho, anisimamie kwenye kesi ya Haji Metwalli, mfanyabiashara wa nyuzi anayeshtakiwa kwamba mzigo wake ulikuwa mbovu, na ripoti ya mtaalamu ya kumwokoa ilikuwa bado haijafika mahakamani. Aliporudi aliniambia tarehe tumepata. Juzi nimesoma kumbukumbu za kesi, kumbe alimwambia jaji kwamba tumemaliza, hatuna la kuongeza. Hukumu ni Jumapili. Nilimwendea na hasira zangu, nikamkuta anakunywa chai, akanitazama kwa furaha, akaniuliza, "Baba hajambo, binti yangu?" Baba alishakufa, Abla, na yeye ni mmoja wa waliobeba jeneza lake.

Njia ipo, naweza kuiomba mahakama ifungue tena usikilizaji kabla ya hukumu, ila lazima niseme kwa nini, na nikilitaja jina lake chama cha mawakili kitamwita kumhoji na huenda kumvua joho, naye hana mke wala mtoto, ana korido ile tu ambako kila mtu humwinukia. Nisipomtaja, Haji anashindwa kesi na kufunga karakana yake ya nyuzi. Naye Haji kila akipita ofisini ananiletea keki ya basbusa na kuniambia, "Ustadha, mimi nalala kwa sababu yako wewe." Mimi silali. Natamani nifunge ofisi nisionekane tena.

Wakili wa Mansheya, Aleksandria

Abla Safinaz anajibu: Binti yangu, pole, tena pole ya kweli. Sasa nisikilize. Haji hakumchagua Ustadhi Fikri, alikuchagua wewe. Andika ombi leo, useme yote yaliyotokea, na uanze na kosa lako: ulimtuma mzee kwa neno la mdomo ukaenda zako, hukuuliza mpaka juzi. Kisha mwambie Haji kabla hujala basbusa nyingine. Atakutukana, mwache akutukane. Ombi linaweza kukataliwa, sikudanganyi, na hapo itabaki rufaa na aibu.

Kuhusu mzee, nenda nyumbani kwake wewe mwenyewe, asiipate habari hii kwa barua ya wito. Mpeleke kwa daktari. Na usiniambie hilo la baba yako ndilo la kwanza kulisahau. Korido nzima mnajua, mnamwinukia na kunyamaza, kisha mnasema ni heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ofisi usifunge, tafuta mwenzio wa kushirikiana naye. Lakini hilo lingoje. Asubuhi hii, wewe ukisoma gazeti, mzee yumo koridoni na joho lake, na kuna wakili mwenye haraka anamwomba amsimamie. Naye hajawahi kumkatalia mtu.