Boksi Lililopaswa Kuwa Baridi

Jumanne, 10 Juni 2025
Likizo! Nimefika nyumbani Ubaruku jana jioni, kutoka shuleni Iringa. Baba ana raha: breka ya mashine yetu ya kukoboa mpunga, swichi inayokata umeme penye hitilafu, haijakata tangu mwezi uliopita. Mwaka jana hitilafu iliunguza mota, tukakaa wiki tatu bila kazi, katikati ya mavuno. Mwezi uliopita ndipo fundi Kasian akafunga resista kati ya jenereta na ardhi, ili umeme wa hitilafu uwe mdogo, usiunguze kitu. Kazi safi. Nimemsifu.

Alhamisi, 12 Juni 2025
Mama mdogo Sekela ndiye anayemimina mpunga kwenye mashine. Pekupeku. Anasema siku hizi mashine ina adabu, kila akiigusa inamsalimia mkononi. Wafanyakazi wote wakacheka. Na mimi, kidogo.

Halafu nikaona birika. Wanachemshia chai juu ya boksi la resista!

Ijumaa, 13 Juni 2025
Mwalimu Apolonia alitufundisha: resista ya namna ile hupitisha umeme pale tu penye hitilafu. Mashine ikiwa nzima, inabaki baridi. Yetu inachemsha chai.

Nimepiga hesabu. Volti 230 gawanya kwa omu 46 za resista — ampia 5. Breka yetu inahitaji nyingi zaidi ya hizo ndipo ikate. Kwa hiyo haikati, lakini si kwamba tuko salama. Hitilafu ipo, ndogo, imenyamaza; ndiyo inayomsalimia mama mdogo. Ikizuka ya pili kwenye waya mwingine, umeme utapita kati ya nyaya hizo mbili bila kupitia resista, na resista haitazuia kitu. Na mkono wa mama mdogo uko pale pale.

Nimemwambia baba. Anasema tuongee mavuno yakiisha. Fundi Kasian kasema nikimaliza shule nitazima wilaya nzima. Ila hakusema nimekosea.

Jumamosi, 14 Juni 2025
Saa tatu asubuhi. Magunia ya wateja yamepangwa mpaka barabarani. Jenereta ilipozimwa itiwe dizeli, nilipanda ngazi anayosimama mama mdogo akimimina mpunga, nikakaa. Naandika hapa hapa. Nimesema sishuki mpaka mota ipimwe. Mzee mmoja kaniuliza kama ndicho wanachofundisha Iringa, kukalia chakula cha watu.

Baba hajafoka. Nikamweleza tena, polepole.

"Baba, breka haioni. Tumeupunguza umeme mpaka tumeipofusha."

Akamtazama Kasian. Kasian akaenda kuchukua mita — haraka kuliko nilivyotegemea. Mama mdogo amesimama chini yangu, anaangalia kiganja chake. Leo hacheki.

Kasian amefungua kifuniko cha mota. Ncha moja ya mita kwenye waya, nyingine kwenye bodi ya mota; mota ikiwa nzima, umeme haupiti kati ya hizo mbili. Amepima mara mbili. Baba amewaambia watu wasubiri.

Sasa anapima mara ya tatu. Bado hajanitania.